Kiti Kinachorudi Nyuma

Kila asubuhi saa kumi na mbili na robo, Mama Stoo alianza siku kwa kungoja kiti. Alibonyeza ufunguo, gari likalia mara moja na kufunguka, na kabla hajaingiza hata mguu, kiti cha dereva kikaanza kurudi nyuma chenyewe, polepole, kikinguruma kwa chini kama mtu anayesafisha koo, mpaka kikakaribia kugusa kiti cha nyuma. Usukani nao ukapanda. Vioo vya pembeni vikainuka vikatazama paa la jirani. Alisimama pale na mkoba wake begani hadi kila kitu kilipotulia. Kisha akaweka mto wake wa kijani kwenye kiti, akapanda, akabonyeza swichi ya pembeni na kukivuta kiti mbele, mbele, bado mbele, mpaka miguu ikafika kwenye pedali. Akashusha usukani. Akarekebisha kioo cha kulia, halafu cha kushoto, halafu cha kati.

Dakika tatu nzima. Aliifanya kazi hiyo kwa miezi saba, na wala hakuwahi kulitukana gari. Mtu mwingine angeshalitukana hadi ukoo wa aliyelitengeneza. Yeye alifikiri tu kwamba gari lina kasoro, kama vitu vingine vinavyokuwa na kasoro, akaondoka zake kazini.

Miezi saba ndiyo iliyokuwa umri wa ujane wake. Mumewe alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suti, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Alianguka chumbani pake pa kushonea mchana kweupe, akipiga pasi mguu wa suruali ya mteja, na hakuamka tena. Mama Stoo alipofika kutoka kazini, mtu alikuwa ameshachomoa pasi. Jambo la kwanza alilofanya ni kuangalia kama suruali imeungua. Haikuwa imeungua. Alizika, akapokea wageni, akarudisha masufuria ya watu yakiwa yamesuguliwa, akashukuru kila aliyestahili shukrani. Hakulia. Wengine walisema ana moyo mgumu, wengine wakasema ana imani kubwa. Hakuwa na kimoja wala kingine. Alikuwa amekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na hakuona haja ya kuusugua.

Kazi yake ilimfaa mtu wa namna hiyo. Alitunza stoo ya dawa kwenye zahanati, na ndani ya stoo kulikuwa na friji la chanjo. Mara mbili kwa siku alisoma kipimajoto na kuandika nyuzi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Zisipungue mbili, zisizidi nane. Aliandika tano, tano, tano, sita, tano. Wifi yake, dadake Fundi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika nyumba tatu mbele, alimtembelea huko siku moja, akaisoma ile karatasi, kisha akamtazama usoni.

"Wifi, umekuwa kama hili friji lako. Hupandi, hushuki."

"Ndivyo linavyotakiwa," Mama Stoo alijibu.

"Friji ndiyo. Mimi nimesema wewe."

Mama Stoo akafunga mlango wa friji, akahakikisha mpira umebana.

Ili kuelewa mambo ya kiti, lazima kwanza tuwapime hawa wawili. Fundi alikuwa mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, hata usiohitaji kuinama, kwa sababu alishazoea. Mkewe alikuwa mfupi, na hilo halikuhitaji kutiwa chumvi. Watu wa zahanati walimwita Mama Stoo, lakini nyumbani Fundi alimwita Nusu Mita. Alikuwa na jicho la kazi yake. Wateja aliwapima kwa futi na kuandika kwenye daftari, ila mkewe hakuwahi kumwandika popote. Alikata kitambaa kwa kukumbuka, akashona, na nguo ikakaa. Na siku zote, penye kiuno, aliacha nafasi ya kidole kimoja. Alimvalisha, akaingiza kidole chake cha shahada kati ya nguo na tumbo, na kusema, "Hapo. Mtu lazima apumue."

Gari alilinunua miaka mitatu kabla ya kufa, la umeme, lililokwishatumika nchi nyingine huko mbali. Lilikuja na mwanamke ndani yake. Yaani sauti, lakini Fundi alimchukulia kama mtu. Ukifungua mlango anasema, usipofunga mkanda anasema, ukirudi nyuma anasema, na lugha yake hakuna aliyeijua mtaa mzima. Fundi alimjibu kila mara. "Nimesikia, mama." "Haya, nafunga." Mama Stoo aliwasikia siku ya kwanza, akashika kiuno, na papo hapo gari likapata jina. Akaliita Mke Mwenza.

Mke Mwenza alikuwa na tabia zake. Ukimchaji mpaka ajae, skrini inaandika kilomita mia mbili na kumi. Washa kiyoyozi tu, anakunyang'anya thelathini hapo hapo, kabla hata gurudumu halijazunguka. Kilima cha kwenda zahanati kinakula ishirini, na ukiteremka anakurudishia nne, na Fundi alizishangilia hizo nne kuliko mia mbili zote. Siku za mvua, kile kifuniko cha sehemu ya kuchajia hugoma kufunguka hadi ukipige kofi la pembeni, tena kwa kiganja kikavu. Na kubwa kuliko yote, hakuvumiliana na pasi. Waya wa kuchaji ulipita dirishani mwa chumba cha kushonea, na ukiwasha pasi naye akiwa anakula, umeme unakatika nyumba nzima. Kwa hiyo Fundi alipiga pasi mchana na kuchaji usiku, na mteja mwenye haraka akija jioni, Mke Mwenza alichomolewa akiwa nusu shibe.

Hata hivyo hakumwangusha. Miaka mitatu, hakuna oili, hakuna plagi, hakuna mkanda wa injini. Alibadilishwa matairi na vifutio vya kioo, basi.

"Huyu hanisumbui," Fundi alipenda kusema. "Anakula umeme wake, ananyamaza. Hadai hata gauni."

"Mimi nadai," mkewe alijibu.

Na kuendesha hakukubali. Leseni alikuwa nayo, tangu enzi alizokuwa akiendesha gari la kusambaza chanjo, na mumewe alimbembeleza sana. Zahanati ni mbali, alisema, kwa nini ukae kituoni nusu saa na gari lipo? "Niendeshe mke mwenza?" alijibu. "Akinimwaga mtaroni utasema ni bahati mbaya." Ulikuwa utani, lakini aliushikilia miaka mitatu, kama watu wanavyoshikilia utani hadi uwe msimamo.

Mwezi mmoja kabla ya kufa, Jumapili moja asubuhi, Fundi alimwita chumbani pa kushonea na kumkalisha kwenye kiti cha mbao. Akachukua futi. Mama Stoo alishangaa, maana yeye hapimwi. Akampima kutoka nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, nyonga hadi bega. Akamwambia anyooshe mikono mbele, akapima na mikono.

"Gauni gani hilo la kupimwa mtu amekaa?"

"La kukaa," alisema Fundi, pini zikiwa mdomoni.

"Na mikono hii?"

"Tulia, Nusu Mita. Usiniharibie hesabu."

Hakuandika kitu, na gauni halikuja. Wiki ya kwanza hakuuliza, ya pili akauliza, akaambiwa, "Linakuja," kwa kicheko cha mtu anayeficha jambo. Halafu akafa. Baada ya wageni kuondoka, Mama Stoo alifungua chumba cha kushonea, akatazama kwenye kila henga, akakuta suti za watu na hakuna gauni, hata kipande kilichokatwa. Akafunga mlango. Kama kulikuwa na kitu kilichomkereketa katika ile miezi yote ya ganzi, kilikuwa hicho. Alimpima, akamwahidi, na hakuanza hata kukata. Wengine wote aliwaanzia.

Jumatatu iliyofuata alichukua ufunguo uliokuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, akaenda kazini na gari. Hakuwa na sababu yoyote ya maana. Utani ulikuwa umekwisha, na kituoni watu wangempa pole. Mke Mwenza akasema maneno yake, Mama Stoo hakumjibu, na kiti kikarudi nyuma.

Mwezi wa nne wa ujane wake, gari lilizimika nyumbani, kabisa. Halikufunguka, halikulia, hata kukataa halikukataa. Alimwita mtaalamu mmoja wa mitambo ya magari, mtu mzima mwenye watoto, lakini kwa wembamba wake na nywele zilizosimama watu walimwita Volti. Volti akafungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya ule wa kubonyeza, akainua boneti, akacheka.

"Betri kubwa imejaa tele, mama. Iliyokufa ni hii ndogo. Hii ndogo ndiyo inayoamsha kompyuta. Isipoamka, ile kubwa inakaa na umeme wake wote, haujui pa kwenda."

"Kwa hiyo lina nguvu?"

"Nguvu linazo. Limeshindwa kuamka tu."

Akabadilisha betri ndogo kwa nusu saa. Mama Stoo hakumwambia habari za kiti. Ilikuwa kasoro aliyoizoea.

Ni wifi aliyesema gari liuzwe. Alisema kwa nia njema, na kwa sauti yake ileile. "Kila nikikuona umekaa humo na mto wako unachungulia kama mtoto dirishani, roho inaniuma. Uza, wifi. Tafuta kadogo."

"Sawa," alisema Mama Stoo.

"Sawa tu? Hata hubishi?"

"Nibishe nini?"

Mnunuzi akapatikana, mwalimu wa hesabu, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na daftari la maswali ishirini na mawili. Aliyauliza yote kwa simu. Betri imebaki na uwezo kiasi gani? Limewahi kupita kwenye maji ya mafuriko? Waya wa kuchaji ni wenyewe wa asili? La ishirini na mbili lilikuwa, funguo ziko ngapi?

"Mmoja," alisema Mama Stoo.

"Magari haya hutoka na mbili, mama. Bila ule wa pili mimi sinunui. Uniwie radhi. Ukiwa mikononi mwa mtu, siku moja naweza kuamka nikute sina gari."

Kwa hiyo akautafuta. Alitafuta kwenye kabati, kwenye mifuko ya makoti, kwenye kopo la vifungo. Ijumaa jioni alibaki na chumba cha kushonea peke yake, akakifungua kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kutafuta gauni. Kilinuka chaki na kitambaa kilichoguswa na mvuke. Waya wa kuchaji ulipita juu ya meza kama kawaida, kwa sababu aliuingiza na kuutoa dirishani bila kutia mguu ndani. Akavuta droo ya cherehani. Chini ya bobini na vipande vya sabuni kulikuwa na kifuko kidogo cha bitana ya bluu, kimeshonwa kwa mkono, kina kitanzi cha kukivuta. Ndani yake ulikuwemo ufunguo. Juu ya kifuko kulidariziwa kwa uzi mweupe, kwa herufi ndogo sana: Nusu Mita.

Alikigeuzageuza. Mishono ilikuwa midogo na sawasawa. Kazi nzuri, aliwaza, na hakuwaza zaidi. Alidhani mumewe amemtunzia ufunguo wa akiba kwa ajili ya dharura. Akakitia kwenye mkoba.

Jumamosi saa nne walikusanyika uani: mwalimu na daftari lake, Volti aliyeitwa kulikagua gari, wifi aliyejileta, na Mama Stoo. Volti akalipima kwa kifaa chake, akasema betri kubwa ina afya, breki ni kama mpya kwa sababu gari linajizuia lenyewe likiteremka. Mwalimu akaweka vema kwenye daftari, vema juu ya vema.

"Kuna tatizo lolote ambalo sijauliza, mama?"

Mama Stoo hakuwa mtu wa kumficha mnunuzi. "Kiti," alisema. "Kinarudi nyuma chenyewe. Kila siku nakivuta, kesho nakikuta kinarudi tena."

Volti aligeuka. "Kinarudi vipi? Hebu nionyeshe."

Mama Stoo akatoa ufunguo wa siku zote, akabonyeza. Akafungua mlango. Kiti kikanguruma, kikarudi, kikarudi, kikasimama kule nyuma. Usukani ukapanda. Vioo vikaangalia paa. Volti akaanza kucheka, halafu kicheko kikamwishia njiani.

"Mama, hii sio kasoro." Akajifuta mikono kwenye suruali, akitafuta namna ya kusema. "Hizi gari zinajua funguo. Kila ufunguo una mtu wake. Ukipanga kiti chako na vioo vyako ukahifadhi, gari likiona ufunguo wako linakupangia. Huu ulikuwa wa nani?"

"Wa Fundi."

"Basi ndiyo hivyo. Likiuona, linajua ni yeye anakuja."

Wifi aliweka kiganja mdomoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasema kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo siku zote hizi linampangia kaka."

"Siku zote," alisema Volti.

Mama Stoo alikitazama kiti kule nyuma kilikokuwa. Alikumbuka jinsi alivyokisogeza kila asubuhi, mara ngapi sijui, akimwondoa mtu mahali pake bila kujua.

Mwalimu alikohoa kwa adabu. Alikuwa na swali moja lililobaki. "Na ule wa pili, mama? Umepatikana?"

Mama Stoo akafunga mlango, akampa Volti ule ufunguo wa kwanza akae nao mbali, kama Volti alivyomwambia. Akakitoa kile kifuko cha bluu mkobani. Akabonyeza bila kuutoa ufunguo ndani yake. Gari likalia. Akafungua mlango.

Kwa muda wa pumzi moja hakuna kilichotokea. Kisha kiti kikaanza kuja mbele. Kilitoka kule nyuma mahali pa Fundi, kikaja taratibu, kikipita pale ambapo mtu wa kawaida angekaa, kikazidi kuja, na huku kikijiinua, mpaka kikafika mbele kabisa na kusimama juu. Usukani ukateremka. Vioo vikainama, kimoja baada ya kingine.

"Loo," alisema Volti. "Na tulibadilisha betri, haikufutika. Huyu aliyepanga hapa, amempangia mtu mfupi."

Mama Stoo aliutoa mto wa kijani kwapani alikokuwa ameubana, akampa wifi. Akaingia. Mgongo ukakaa. Miguu ikafika kwenye pedali, yote miwili, nyayo nzima. Alinyoosha mikono mbele na usukani ulikuwa palepale, mikono ikikunjika kidogo kwenye viwiko. Kwenye kioo cha kulia aliona lango lao, kwenye cha kushoto ukuta, kwenye cha kati nyuso tatu zilizokuwa zikimtazama. Hakukuwa na kitu cha kurekebisha. Hakuwahi kukaa kwenye gari hili mumewe akiwa hai, isipokuwa kiti cha abiria, na mumewe hakubahatisha hata nukta moja.

Nyonga hadi goti. Goti hadi kisigino. Mikono mbele, tulia, usiniharibie hesabu.

Alishusha mkono hadi kwenye tumbo lake, mahali usukani ulipokaribia, akaingiza kidole cha shahada. Kilipita. Kimoja tu.

"Alianza," alisema. Hakuna aliyemwelewa. "Alishamaliza, kumbe. Mimi ndiye sikuvaa."

Halafu ganzi ikaachia, na inaachia kwa maumivu, kama kila mguu uliokaliwa. Alilia kilio cha miezi saba, kichwa juu ya usukani, kwa sauti ambayo hata wifi hakuwahi kuifikia. Alimlilia Fundi, na alijililia yeye na miaka mitatu ya kituoni kwa sababu ya utani. Wifi alitaka kumfuata, Volti akamshika mkono. Mwalimu wa hesabu alilitazama daftari lake, lililojaa vema ishirini na mbili, akalifunga, akairudisha kalamu mfukoni pamoja na zile nyingine mbili.

"Nadhani nitafute gari jingine," alimwambia Volti kwa chini.

"Nadhani hivyo," alisema Volti.

Ndani ya gari, yule mwanamke wa lugha isiyojulikana alisema neno lake, kama anavyosema kwa kila anayekaa bila kufunga mkanda. Akanyamaza, akalirudia. Mama Stoo alijifuta uso kwa kiganja, akavuta pumzi.

"Nimesikia, mwenzangu," alisema, akafunga mkanda.